Justin Fashanu: Mwanasoka mlokole aliyethubutu kutoboa siri yake

NOVEMBA 30, 2024, manahodha wa klabu za Ligi Kuu ya Uingereza waliombwa kuvaa utepe wenye rangi za upinde wa mvua, ishara ya kuwakaribisha uwanjani watu wanaoshiriki mapenzi ya jinsia moja. Nahodha wa Crystal Palace, Marc Guehi, ambaye babake ni mchungaji, aliuvaa utepe huo akiwa ameuandika kwa kalamu kwamba anampenda Yesu. Siku hiyo hiyo, mjini Nottingham, nahodha wa Ipswich Town, Sam Morsy, ambaye ni Mwislamu, alikataa kuuvaa kwa sababu za imani yake na kuingia uwanjani na utepe wa kawaida.

Siku tatu baadaye timu hizo mbili zilikutana. Guehi aliandika tena ujumbe wake, safari hii kwamba Yesu anawapenda watu, na Morsy akashikilia msimamo wake. Chama cha Soka cha Uingereza kiliikumbusha Palace kanuni inayokataza maandishi ya kidini kwenye mavazi ya mchezo, bila kumwadhibu mchezaji. Magazeti na vituo vya redio vilibishana kwa wiki nzima. Katika mabishano hayo watu waligawanywa makundi mawili, waumini upande huu na mashoga upande ule, kana kwamba Mungu alichora mstari wa chaki katikati ya uwanja na hakuna awezaye kuukanyaga.

Ni wachache waliokumbuka kwamba uwanja wa City Ground, ambako Morsy alikataa utepe ule, uliwahi kuwa nyumbani kwa mchezaji aliyekuwa pande zote mbili za mstari huo kwa wakati mmoja. Alikuwa mlokole aliyebeba Biblia yake bila haya, na ndiye mwanasoka wa kwanza wa kulipwa kutangaza hadharani, akiwa bado anacheza, kwamba anavutiwa na wanaume wenzake. Jina lake ni Justin Fashanu.

Alizaliwa Hackney, mashariki mwa London, Februari 19, 1961. Babake alikuwa wakili kutoka Nigeria na mamake muuguzi aliyetoka Guyana. Ndoa hiyo ilivunjika watoto wakiwa wadogo, na mama, akiwa hana uwezo wa kuwalea wote, akawapeleka Justin na mdogo wake John katika makao ya watoto ya shirika la Barnardo's. Justin alikuwa na miaka sita hivi na John minne walipochukuliwa na walezi wa Kizungu, Alf na Betty Jackson, walioishi kijijini Shropham, katika jimbo la Norfolk.

Norfolk ni nchi ya mashamba na makanisa ya mawe ya kale, na katika miaka hiyo ya sitini mtu mweusi alikuwa kioja vijijini. Wavulana hao wawili walikua wakijua kwamba kila jicho linawatazama. Justin alijifunza mapema kujibu kwa misuli na kwa tabasamu. Alikuwa bondia hodari akiwa shuleni, katika uzani mzito, na wapo waliodhani kwamba angechagua ndondi badala ya soka. Hata hivyo, klabu ya Norwich City ilimwona, ikamchukua kama chipukizi, na mwishoni mwa mwaka 1978 akatia saini mkataba wa kulipwa.

Mechi yake ya kwanza ya ligi ilikuwa Januari 13, 1979 dhidi ya West Bromwich Albion. Wapinzani hao walikuwa na wachezaji watatu weusi, Cyrille Regis, Laurie Cunningham na Brendon Batson, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati huo. Mashabiki wa viwanja vingi walizoea kuwazomea wachezaji kama hao kwa milio ya nyani na kuwarushia ndizi. Kwa hivyo Fashanu aliingia katika kazi ambayo tayari ilimtaka awe na ngozi ngumu, kabla ya jambo jingine lolote kujulikana kumhusu.

Bao lililomfanya ajulikane nchi nzima alilifunga Februari 9, 1980 dhidi ya Liverpool, waliokuwa mabingwa watetezi. Alipokea pasi akiwa amelipa lango mgongo, nje kidogo ya kijisanduku. Aliuinua mpira kwa mguu wa kulia, akageuka, na kabla haujagusa ardhi akaufyatua kwa mguu wa kushoto. Kipa Ray Clemence aliruka bure. Badala ya kukimbia huku na huko, Fashanu alisimama na kuinua kidole kimoja juu, kama mtu aliyekumbushwa jambo dogo. Liverpool ilishinda mechi hiyo 5-3, lakini bao hilo ndilo lililobaki vichwani mwa watu, na shirika la utangazaji la BBC likalitawaza kuwa bora zaidi la msimu.

Kufikia mwaka 1981 alikuwa amefunga mabao 40 katika mechi 103 za Norwich na alikuwa akiichezea timu ya taifa ya Uingereza ya vijana wasiozidi miaka 21. Mnamo Agosti mwaka huo Nottingham Forest ilimnunua kwa pauni milioni moja. Hakuna mchezaji mweusi wa Uingereza aliyewahi kununuliwa kwa bei hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 20.

Forest haikuwa klabu ya mchezo. Chini ya kocha Brian Clough ilikuwa imetwaa Kombe la Klabu Bingwa barani Ulaya mara mbili mfululizo, mwaka 1979 na 1980. Fashanu aliletwa kujaza pengo la Trevor Francis, ambaye alikuwa akielekea Manchester City, na ambaye naye alikuwa mchezaji wa kwanza wa Uingereza kuuzwa kwa pauni milioni moja. Mzigo huo ungemlemea hata aliyekomaa. Kwa kijana aliyelelewa kijijini, na aliyekuwa akificha jambo asilothubutu kumwambia yeyote klabuni, ulikuwa mzito kupita kiasi. Alifunga mabao matatu tu katika mechi 32 za ligi.

Clough alikuwa kocha wa kipaji kikubwa na ulimi mkali. Alipata habari kwamba mchezaji wake ghali huonekana usiku katika vilabu vya mashoga mjini Nottingham. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1994, Clough mwenyewe alisimulia jinsi alivyomwita kijana huyo na kumuuliza mtu huenda wapi akitaka mkate, kisha huenda wapi akitaka nyama, na mwisho, kwa tusi, akamtaka aeleze anatafuta nini katika vilabu hivyo. Fashanu alipigwa marufuku kufanya mazoezi na wenzake. Alipofika uwanjani hata hivyo, kocha aliita polisi wamtoe.

Ifahamike kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 1967 iliruhusu mahusiano ya faragha kati ya wanaume waliofikisha miaka 21 pekee. Fashanu alipohamia Forest hakuwa ameufikia umri huo. Tena soka ya wakati huo haikuwa na neno la heima kwa watu wa aina yake. Katika vyumba vya kubadilishia nguo, jina lao lilikuwa tusi la kumtupia mchezaji aliyeogopa kukabwa.

Ni katika mji huo huo wa Nottingham, na katika kipindi hicho cha dhiki, ambapo Fashanu aliokoka. Imani yake haikuwa ya kuvaa Jumapili na kuvua Jumatatu. Alijiunga na walokole, akasoma Biblia kwa bidii na kuzungumza waziwazi kuhusu Yesu katika mazingira ambayo mchezaji akitaja dini huonekana mtu wa ajabu. Miongo miwili baadaye dunia ingewazoea wachezaji wa Brazil wakipiga magoti katikati ya uwanja kuomba baada ya kutwaa Kombe la Dunia la 2002. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, mshambulizi wa Kiingereza aliyenena habari za wokovu alikuwa peke yake.

Wapo waliosema baadaye kwamba alikimbilia kanisani ili ajifiche. Huenda kulikuwa na chembe ya ukweli, kwani mtoto aliyepelekwa makaoni na mzazi wake hutafuta nyumba maisha yake yote, na kanisa ni nyumba. Lakini mtu anayetafuta maficho tu huyaacha yakishachomwa moto, na Fashanu hakuiacha imani yake hadi siku ya mwisho. Shida ilikuwa kwamba imani aliyofundishwa ilihesabu mvuto aliokuwa nao kuwa dhambi, naye aliiamini imani hiyo kwa moyo wote. Rafiki yake wa miaka mingi, mwanaharakati Peter Tatchell, ameandika kuhusu mvutano huo na jinsi ulivyomsumbua. Kuna nyakati alijaribu kuishi bila mapenzi ya aina yoyote, na nyakati nyingine alikuwa na uhusiano na wanawake. Kisha angerudi vilabuni, na baada ya vilabu kwenye maombi.

Baada ya kukopeshwa Southampton kwa muda mfupi, aliuzwa Desemba 1982 kwa Notts County, jirani za Forest ng'ambo ya mto Trent, kwa pauni 150,000. Thamani yake ilikuwa imeporomoka hivyo katika miezi 16. Notts County ilimfaa zaidi, naye akaifungia mabao 20 ya ligi. Lakini aliumia goti, na jeraha hilo likamwandama. Alipohamia Brighton mwaka 1985 alicheza mechi 16 tu za ligi kabla ya goti kumshinda, na akaambiwa kwamba taaluma yake imekwisha. Alikuwa na miaka 25 hivi.

Alikwenda Marekani kutafuta matibabu, akachezea Los Angeles Heat na kisha Edmonton Brickmen ya Canada. Alirejea Uingereza mwaka 1989 na kujaribu bahati Manchester City, West Ham na Leyton Orient. Hakudumu popote. Wakati huo mdogo wake alikuwa amempita kwa umaarufu. John Fashanu alikuwa mshambulizi wa Wimbledon, timu iliyoishangaza Liverpool katika fainali ya Kombe la FA mwaka 1988, na mwaka 1989 aliitwa katika timu ya taifa ya wakubwa, heshima ambayo kaka yake hakuwahi kuipata.

Uingereza ya mwishoni mwa miaka ya themanini haikuwa mahali pazuri pa kutoboa siri kama yake. Ugonjwa wa Ukimwi ulikuwa umezua hofu na magazeti yaliuita adhabu ya mashoga. Serikali ya Margaret Thatcher ilikuwa imepitisha mwaka 1988 kifungu cha sheria kilichozikataza serikali za mitaa kuutukuza ushoga. Hata hivyo, minong'ono kuhusu Fashanu ilikuwa imezagaa miaka mingi, na magazeti ya udaku yalikuwa yakimnyemelea. Aliamua kuuza habari hiyo mwenyewe kabla haijauzwa na mwingine.

John alipojua, alijaribu kila njia kumzuia. Miaka mingi baadaye alikiri hadharani kwamba alimpa kaka yake pauni 75,000 ili anyamaze. Justin alichukua fedha, na hakunyamaza. Oktoba 22, 1990, gazeti la The Sun lilichapisha habari hiyo kwenye ukurasa wa kwanza.

Lau angeishia kwenye ukweli wa maisha yake, huenda historia ingemwandika kwa wino mmoja tu. Hakuishia hapo. Pamoja na ungamo lake zilikuja hadithi za uhusiano na mbunge wa chama cha Conservative, na wachezaji, na wanamuziki. Katika mahojiano ya mwaka uliofuata na jarida la Gay Times alikubali kwamba nyingi kati ya hizo hazikuwa za kweli. Gazeti lilitaka uchafu wa kuuza nakala, naye alihitaji fedha. Matokeo ni kwamba tendo la ushujaa na tendo la ulaghai viliwafikia wasomaji vikiwa vimefungwa katika karatasi moja, na waliotaka kulikana la kwanza walipata kisingizio katika la pili.

Pigo lililomuuma zaidi halikutoka kwa Wazungu wa uwanjani. Siku chache baada ya habari hiyo, The Voice, gazeti lililosomwa sana na Waingereza weusi, lilichapisha mahojiano ambamo John alimkana kaka yake na kumwita mtu aliyetengwa. Safu za gazeti hilo zilimshutumu kwa kuwaaibisha weusi wote. Wale wavulana wawili walioshikana mikono kuingia makao ya Barnardo's, na ambao kwa miaka mingi kila mmoja alikuwa jamaa pekee wa damu aliyelala chini ya paa moja na mwenzake, sasa walizungumza kupitia magazeti.

Kuhusu wachezaji wenzake, Fashanu alisema walimpokea vizuri kwa jumla, ingawa utani wao mara nyingi ulikuwa wa kuumiza. Majukwaani hapakuwa na utani. Mashabiki walimtukana mechi baada ya mechi, na mara hii walikuwa na matusi ya aina mbili ya kuchagua, ya rangi na ya mapenzi. Alipita mwaka mzima bila klabu ya Uingereza iliyompa mkataba wa kudumu.

Klabu iliyomfungulia mlango ni Torquay United, timu ndogo ya mji wa pwani kusini magharibi mwa Uingereza. Alijiunga nayo mwishoni mwa mwaka 1991, akaifungia mabao 15 ya ligi, na akateuliwa kuwa kocha msaidizi. Kipindi hiki hupitwa haraka na wanaosimulia maisha yake kama msiba mtupu, na si haki. Akiwa Torquay, mtu ambaye kila shabiki nchini alijua siri yake aliamka asubuhi, akafanya mazoezi na vijana, akawaongoza, akafunga mabao, na timu haikuporomoka kwa sababu ya kuwa naye chumbani. Nafasi ya ukocha mkuu ilipobaki wazi mwaka 1993 aliiomba, akanyimwa, naye akaondoka.

Alipitia Airdrieonians ya Scotland na Trelleborg ya Sweden kabla ya kutua Hearts mjini Edinburgh. Huko alirudia kosa la zamani. Mapema mwaka 1994 ilibainika kwamba alijaribu kuyauzia magazeti hadithi za uongo kuhusu mahusiano na mawaziri wa serikali, na Hearts ikamtimua. Hakuna njia ya kulitetea jambo hilo. Linaonyesha jinsi alivyokuwa amefika, mtu aliyegundua kwamba kitu pekee ambacho soko lilikuwa tayari kununua kutoka kwake ni aibu, ikaisha yake, akaanza kuuza ya watu wengine.

Mwaka 1997 alicheza Atlanta Ruckus nchini Marekani na Miramar Rangers mjini Wellington, New Zealand. Kisha akatundika viatu na kwenda kuishi Ellicott City katika jimbo la Maryland, ambako alipewa kazi ya kuinoa timu mpya iliyoitwa Maryland Mania. Alikuwa na miaka 37 na, kwa mara nyingine, alionekana kuwa na mwanzo mpya mbali na waliomjua.

Machi 1998 kijana wa miaka 17 aliwaambia polisi kwamba Fashanu alimdhulumu kimapenzi nyumbani kwake baada ya tafrija. Tuhuma hizo zilikuwa nzito, na hazikuwahi kufika mbele ya hakimu, kwa hivyo hakuna awezaye kusema mahakama ingeamua nini. Polisi walimhoji mapema Aprili na hawakumzuilia. Wakati huo sheria za Maryland zilikuwa zingali zinaharamisha vitendo vya mapenzi kati ya wanaume. Polisi waliporudi kumtafuta, alikuwa amekwisha kuondoka kwenda Uingereza.

Aliishi London kwa wiki chache bila kujionyesha. Asubuhi ya Mei 3, 1998 alikutwa amekufa ndani ya gereji katika mtaa wa Shoreditch, si mbali na Hackney alikozaliwa. Alikuwa amejitoa uhai. Katika barua aliyoiacha alikana kumlazimisha kijana yule, akasema haamini kwamba mtu kama yeye angehukumiwa kwa haki, na kwamba hakutaka kuwaaibisha zaidi ndugu na marafiki. Alimalizia kwa kumtaja Yesu, akieleza matumaini kwamba Yesu ampendaye atampokea nyumbani.

Uchunguzi wa mahakama kuhusu kifo chake ulifanyika London Septemba mwaka huo. Ulielezwa kwamba polisi wa Uingereza hawakuwa wakimtafuta. Alikuwa akijificha kutoka kwa watu ambao hawakuwa na habari naye. Msimamizi wa uchunguzi alithibitisha kwamba alijiua, na akaeleza kuwa chuki aliyokumbana nayo ilikuwa imemshinda nguvu.

Ile barua inastahili kusomwa na pande zote mbili zinazobishana kuhusu utepe. Walokole wengi walimhesabu kuwa mpotevu, na bado jina la mwisho aliloliandika ni lile wanalolihubiri. Wanaharakati wengi waliona imani yake kuwa ndicho kilichomwangamiza, na bado ndicho kilichobaki mkononi mwake alipokuwa amenyang'anywa vingine vyote. Ukimtoa imani, humwelewi alivyoishi, na ukimtoa mapenzi yake, huelewi kwa nini aliteseka. Waliompenda kwa nusu moja walimwomba aitupe nusu nyingine. Clough alitaka mabao bila mtu mzima anayeyafunga, nalo gazeti lilitaka siri bila mwenyewe. Walokole wenzake walitaka ushuhuda wake, ila si wote wa kuusikia hadi mwisho.

Baada ya kifo chake kulikuwa na kimya kirefu. Mwaka 2008, miaka 10 baadaye, kundi la watu mjini Brighton lilianzisha kampeni yenye jina lake ya kupinga chuki dhidi ya mashoga katika soka, na siku yake ya kuzaliwa, Februari 19, ikawa siku ya kampeni hiyo viwanjani. Mwaka 2012 Amal Fashanu, binti ya John, alitengeneza filamu ya BBC kuhusu wanasoka wanaoficha maisha yao. Alikuwa mtoto mdogo ami yake alipofariki, na filamu hiyo ilimlazimu kumhoji babake kuhusu maneno ya mwaka 1990. John ameeleza majuto kwa jinsi alivyomtenda kaka yake, ingawa mwaka huo huo aliwahi kusema redioni kwamba haamini Justin alikuwa shoga kweli, bali alitaka kuangaliwa. Majeraha ya familia hayaponi kwa kufuata kalenda.

Februari 19, 2020, siku ambayo angetimiza miaka 59, Justin Fashanu aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa Makumbusho ya Kitaifa ya Soka ya Uingereza. Amal ndiye aliyepokea heshima hiyo kwa niaba yake.

Kwa zaidi ya miaka 31 tangu ukurasa ule wa The Sun, hakuna mwanasoka mwingine wa kiume wa kulipwa nchini Uingereza aliyejitangaza akiwa bado anacheza. Thomas Hitzlsperger, aliyewahi kuichezea Aston Villa, alisubiri hadi alipostaafu ndipo akazungumza mwaka 2014. Robbie Rogers, Mmarekani aliyekuwa Leeds United, alitangaza mwaka 2013 akiwa ameachana na klabu hiyo, kisha akarejea kucheza kwao.

Kimya hicho kilivunjwa Mei 2022 na mshambulizi wa Blackpool, Jake Daniels. Alikuwa na umri wa miaka 17, sawa na aliokuwa nao Fashanu Januari ile ya 1979 alipovaa jezi ya Norwich kucheza na West Bromwich Albion.